Mlango Nilioulalia

Miezi minne nililala juu ya mlango wa jikoni kwetu, Kitengela. Mke wangu aliung'oa kwa mikono yake, kwa sababu watu wa kanisa walituambia mgongo hauponi kwenye godoro, unataka mbao. Jikoni akatundika gunia, na vumbi likaingia lilivyotaka.

Kazi yangu ilikuwa kupakia mawe ya ujenzi kwenye lori, huko njia ya Kajiado. Siku ile niliinuka na jiwe, nikasikia kiuno kimekatika. Msimamizi hata hakushuka garini. "Rudi ukiwa mzima kabisa, ama usirudi," akasema. Kazi yenyewe nilikuwa nimeshaichukia, na yeye pamoja nayo.

Basi nikalala. Wageni walikuja na mkate na hadithi: eti fulani wa Namanga aliinama kufunga kiatu, hajasimama tena. Nami nikawa siinami hata kuokota kijiko. Niliogopa, sitaficha, niliogopa kama mtoto. Mke wangu alibeba maji, akapasua kuni, akanivalisha soksi. Nikimwambia pole, ananijibu, "Lala, Baba. Ukivunjika kabisa nitaenda wapi?"

Mwishowe alinikokota hospitali. Daktari wa mazoezi, msichana rika la binti yangu, aliupapasa mgongo kidogo tu, kisha akaanza maswali. Unaipenda kazi yako? Nani anakufanyia kazi za nyumbani? Unalala juu ya nini? Unadhani utapona? Nikawaka. "Daktari, kinachouma ni mgongo, si moyo!"

Hakukasirika. Akasema picha ya eksirei niliyopigwa haionyeshi kitu kilichovunjika, ila wanaochelewa kupona mara nyingi ni watu kama mimi: wanaolala sana, wanaoogopa kujikunja, wasio na kazi nyepesi ya kuanzia wakirudi kazini. "Na huo mlango, mzee, rudisha mahali pake."

Wiki tatu nilitembea, kwanza hadi kwa geti, baadaye hadi barabarani. Iliuma, lakini sikuvunjika. Jumamosi moja nikamwita mke wangu tuurudishe mlango. Nikainama, jasho likinitoka, nikainua upande wangu. Haki ya Mungu, niliinua! Nikacheka kwa sauti.

Upande wake haukuinuka. Alikuwa ameshika kiuno, macho ameyafumba.

"Hii ilianza lini?" nikamuuliza.

"Siku ile niliung'oa," akasema. "Shika vizuri, tumalize."