Pembe Niliyoishika Mara Nne

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawasawa, na hizo simu mziweke chini. Mimi nilijifunza kusoma kwa ngumbaru, nikiwa tayari na wajukuu, kwa hivyo mkikuta herufi imepotea msinicheke. Someni tu.

Wiki iliyopita mjukuu wangu, yule mnayemwona kwa televisheni tangu alipokuwa hana meno ya mbele, alikuja kuniomba pembe iliyo juu ya kabati. Zamani walikuwa wakimpa kuwa mtoto wa nyumba fulani: analia, anatumwa dukani, anaugua. Sasa ameota kifua, wamempa kuolewa.

"Shosho, niazime pembe. Ni ya kuigiza tu, hakuna noma."

Nikamwambia hapana. Akanuna. Mama yake akasema nimezeeka vibaya. Basi nitaeleza mara moja, na sitarudia.

Mimi nilikuwa kwa sinema kabla yake. Televisheni haikuwako. Kulikuwa na gari la sinema la serikali, linazunguka mashamba ya kahawa na ya katani, linatundika shuka nyeupe na watu wanaangalia. Siku moja lilikuja Thika, kwa shamba ambako mama yangu alikuwa akichuma kahawa. Siku hiyo walikuwa wanapiga picha. Mzungu mwenye kofia alitaka mtoto wa kulia. Mimi nilikuwa nalia tayari, kwa maana nilikuwa nimemwaga uji na mama amenichapa. Mkalimani wake, mtu wa soksi ndefu mpaka magoti, akanishika mkono akasema, "Huyu hata hahitaji kufundishwa."

Sinema yenyewe ilikuwa ya funza. Nikae chini, mwanamke anitoe funza na pini, nipige kelele, kisha nioshwe miguu, nicheke. Sikuwa na funza hata mmoja. Mama alikuwa akimwagia sakafu maji na kuifagia asubuhi na jioni. Walinipaka majivu na uji vidoleni. Lakini picha ilipozunguka, nani angenisikia? Kutoka Thika mpaka Ruiru niliitwa Wa Funza. Wanawake sokoni walinitazama miguu kabla ya uso.

"Miguu imepona?" wananiuliza.

"Walikuwa funza wa uongo," mama anasema.

"Uongo gani? Sisi tumeona kwa macho yetu."

Ikaja miaka ya kafyu na vipande, bila karatasi hiyo ya serikali hutembei. Baba alichukuliwa na askari, akawekwa kizuizini, mbali, na barua zake zilizotufikia zilikuwa mbili. Nikakua bila yeye. Nilipofika kama miaka kumi na saba, kijana mmoja wa Ruiru, seremala, alinipenda, nami nilimpenda. Mama yake akaja kutuona. Mwanamke mkavu, maneno machache. Alikunywa uji wetu, akafuta mdomo, akasema watu wake wataleta pombe kahawa ikiisha kuchumwa.

Sikilizeni hapa vizuri. Kwetu sisi, pombe ikiletwa, msichana anaulizwa mbele ya watu: tuinywe au tusiinywe? Akikubali anamimina muratina, pombe yetu ya asali, kwa pembe, anaonja, anampa baba yake. Baba akinywa, imekwisha. Hakuna karatasi ya kutia sahihi. Ameolewa.

Kahawa haijaisha, gari la sinema likarudi. Mkalimani wa soksi akaja kwa mistari ya nyumba zetu akiita, "Yule Wa Funza yuko wapi?" Nikatoka. Akaangalia nyuma yangu akitafuta mtoto.

"Ni mimi," nikasema.

"Haiya! Umekuwa mama mzima! Mzungu ataniua, alitaka wa kulia."

Walinong'onezana. Mzungu alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akasema basi, nitakuwa bibi arusi. Ilikuwa sinema ya kufundisha watu arusi nadhifu, ya nguo zilizofuliwa na vikombe vilivyooshwa. Bwana arusi alikuwa mpishi wake, ambaye sikujua hata nyumbani kwao. Baba yangu akafanywa mzee mmoja mlinzi wa kiwanda cha kahawa, mtu wa mizaha. Pembe ilikuwa ya baba, niliichukua nyumbani, na ndani tuliambiwa kutakuwa na chai baridi.

Yule mzee alinusa pembe akakunja pua. "Mimi nimwagie wazee wetu waliokufa chai? Wanikaange?" Mzungu alipogeuka kurekebisha mashine, mzee akamwaga chai nyuma ya mti, akatoa kibuyu ndani ya koti, akajaza.

Nilipoonja nilijua. Ulimi haudanganywi na muratina. Ningesema. Ningeiangusha hata. Lakini mashine ilikuwa inalia, na watu wote wa shamba wamesimama wananiangalia, na mimi, semeni mtakavyo, nilipenda kuangaliwa. Nikameza, nikampa. Mzee akamwaga matone chini kwa heshima, akanywa mpaka akafumba macho. Mzungu akapiga kelele turudie. Tukarudia. Tena. Mara tatu nilimpa pembe mtu asiye baba yangu, kwa ajili ya mtu asiye wangu.

Jioni mama aliniuliza, "Mlikunywa nini?"

"Chai," nikasema.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikisikia injini yoyote barabarani, mikono inaacha kuchuma. Nilikuwa najua picha inapigwa Thika lakini inaonyeshwa kila mahali. Nikajiambia pengine itaanzia mbali, pengine itaharibika, pengine mvua. Kisha mama ya yule seremala akatuma neno: twende Ruiru Jumapili tuonane, na alasiri kuna sinema kwa ghala la kahawa. Mama yangu alifurahi, akafua leso yake. Mimi nilisema naumwa tumbo. Akanipa maji ya chumvi na tukaenda.

Kwa sababu ya kafyu sinema ilionyeshwa mchana. Walikuwa wameziba madirisha ya ghala kwa magunia, ndani joto na harufu ya maganda ya kahawa. Tulikaa mstari mmoja, mama ya seremala, mama yangu, mimi.

Nikatokea kwa shuka. Mkubwa kama nyumba.

"Si huyo Wa Funza?" mtu akapiga kelele. "Ameolewa!"

"Na mpishi!" mwingine akasema. "Mtakula vizuri!" Ghala zima likacheka.

Pembe ikaenda kwa mzee, mzee akanywa, na kicheko kikakatika kidogo. Mama ya kijana akasimama, shuka bado inawaka mbele yake.

"Mimi sikujua ninamtafutia mwanangu mke wa mtu."

"Ni mchezo, mama," mama yangu akamwambia haraka. "Ndani ilikuwa chai. Mtoto aliniambia."

"Chai? Yule mzee amemwagia wazee chini. Nani huwamwagia wazee chai?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe. Sema. Ilikuwa nini?"

Mama alinitazama, anangoja niseme chai. Neno lilikuwa karibu, mdomoni. Nilifikiria yule kijana, aliyekuwa amesimama mlangoni akishika kofia yake, na nikafikiria kuishi naye na neno hilo kila siku.

"Ilikuwa muratina," nikasema. "Nilijua. Nilimeza. Mara tatu."

Mama yangu alijifunika uso kwa ile leso safi.

Yule mwanamke alikaa. Sinema ikaisha, magunia yakafunguliwa. Ndipo akasema, "Ungesema chai, ningekwenda zangu. Huyo mzee aje hapa mwenyewe."

Mzee mlinzi aliitwa Ruiru mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mizaha ilikuwa imemwisha. Wakamuuliza kwa nini alikunywa pembe ya binti asiye wake.

"Nilikuwa na kiu," akasema, na mmoja wao akacheka kisha akajikemea kwa kukohoa.

Walimwambia aseme kwa sauti, mbele ya watu, kwamba mimi si mtoto wake na kwamba hana mbuzi wa kudai katika mahari yangu. Akasema. Mpishi naye akasema hanijui, na hilo lilikuwa kweli tupu. Pembe ikaoshwa kwa maji, ikalazwa mdomo chini. Nikadhani yameisha. Lakini mama ya kijana akasema neno moja zaidi: "Mwingine hatapokea pembe yake. Si mjomba, si nani. Tutangoja baba yake."

Ngojeni nanyi mjue. Kungoja mtu aliye kizuizini si kama kungoja basi. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Msimu wa kahawa ulipita, ukaja mwingine. Wenzangu waliolewa. Kila lori lililosimama Thika nilikuwa naangalia wanaoshuka, nikihesabu miguu, nikitafuta mwendo wake. Kijana alingoja. Alichonga kitanda, akakiegemeza ukutani kwao bila kukilalia.

Baba alishuka siku ambayo sikuwa naangalia. Alikuwa mwembamba, mkono mmoja unatetemeka. Pombe ilipoletwa kutoka Ruiru, nilimimina, nikaonja, nikampa kwa mikono miwili ili isimwagike. Alikuwa amesimuliwa yote. Hakunywa mara moja.

"Hii ni ya kweli?" akaniuliza.

"Ya kweli, baba."

Akanywa. Pembe ndiyo hiyo iliyo juu ya kabati, na yule seremala aliyenioa ndiye guka wenu.

Jumapili hii walikuja wote kula. Nikawasimamisha, mjukuu wangu mbele, na sikukaa nilipokuwa nasema:

"Aolewe huko kwa televisheni mara mia, simzuii. Pembe haitoki kwa nyumba hii. Wakitaka, wampe kikombe, watie chai, na siku hiyo mtanipeleka huko niionje mimi kwanza. Sasa osheni vyombo."