Yaya wa Seli Anayengoja Vidole vya Mdogo Wake

Saa moja asubuhi, mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani anafungua kabati la joto, anatoa kisahani cha plastiki na kukiweka chini ya hadubini. "Mmeamkaje?" anauliza. Hajibiwi, na wala hanuni.

Wenzake wa maabara wanamwita Yaya. Kazi yake ni kulisha seli shina, chembe hai zinazosifika kwa kutuliza kinga ya mwili inapopandwa na hasira na kumshambulia mwenye mwili. Anazibadilishia maji ya lishe, anaongeza kirutubisho, anangoja. Wengi ingewachosha. Yeye ana lake moyoni.

Mdogo wake ni msusi. Tangu utotoni ndiye aliyemsuka Yaya, mpaka kinga ya huyo mdogo ilipovigeukia viungo vyake mwenyewe na vidole vikavimba. Ni miaka mitatu sasa, na Yaya hajamkabidhi mtu mwingine kichwa chake.

"Nilijaribu saluni mara moja," anasema. "Yule dada hakuwa na kosa lolote. Nilijikuta tu nalia, nikaondoka."

Miezi michache iliyopita maabara ilibadilisha kirutubisho. Badala ya kile cha damu ya ndama, kikaja cha damu ya watu waliojitolea. Seli zikafakamia, zikajaza kisahani kwa nusu ya muda wa kawaida. Yaya hakungoja kipimo, alimpigia mdogo wake simu palepale. "Nilimwambia anunue kabisa mafuta ya nywele."

Kisha seli zikachanganywa na askari wa kinga, yaani seli nyeupe za damu, ionekane kama zitawatuliza. Hazikutuliza kitu. Zilizaana bure. Ikabidi Yaya apige simu ya pili, na hiyo ilimwia nzito.

"Mdogo wangu akasema, 'Dada, si uzirudishie chakula chao cha zamani? Mimi nipo, sijaenda popote.'"

Sasa anajaribu njia ya kati: anazikuza kwa kirutubisho kipya, kisha anazirudisha kwenye cha zamani kabla ya kipimo. Majibu bado. Daktari wa mdogo wake ameshaonya kwamba hata wakifanikiwa, tiba yenyewe iko mbali. Yaya anajua. Anatamani tu, na hafichi.

Anafunga kabati na kukaza kitambaa. Yale mafuta, anasema, yapo kwa mdogo wake, hayajafunguliwa.

"Siku vidole vikilegea, nitakaa chini nimwegemezee kichwa magotini. Ana mkono mzito yule, anavuta mpaka machozi yanatoka. Avute tu."