Kanuni Sitini na Moja za Fundi Tharsisi

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Kasulu iliamka na manyunyu, na hadi saa nne mawingu yalikuwa bado yamekalia vilima.

Tharsisi, fundi cherehani, aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akatandika shuka la kijani na kupanga askari wa udongo aliowafinyanga mwenyewe na kuwachoma jikoni. Kila mmoja alihesabiwa kuwa watu mia tano. Kwa miaka minne yeye na Kalunga, mchuuzi wa betri kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, walikuwa wakipigana upya vita vya Tabora vya mwaka 1916. Tharsisi Mjerumani, Kalunga Mbelgiji. Walianza mara saba wasimalize hata mara moja. Kanuni zilikuwa sitini na moja, na kibali cha Kalunga kilimtaka arudi kambini mapema. Sasa Alhamisi angehamia Kanada. Nafasi ilibaki hii moja.

Saa saba mchana walikuwa bado raundi ya pili, Tharsisi akiandika risasi za kila kikosi.

"Papa Tharsisi," Kalunga alisema, "vita ya kweli ilimalizika mu siku kidogo. Siye tuko mwaka wa ine."

"Hesabu ya vita haitaki haraka."

"Na basi ya saa tisa haingoje hesabu."

Pelagia, mke wa fundi, alikuwa mlangoni akichambua maharage. "Baba Esteri, mwenzio akiulizwa huko Kanada nani alishinda, ajibu nini? Kwamba ulikuwa unahesabu?"

Kalunga alicheka peke yake. Tharsisi alilitazama daftari lake, mistari yote imenyooka, kisha akachukua rula na kalamu nyekundu. Risasi akazifuta. Matope, upepo, uchovu wa punda, vyote akavifuta. Kila kikosi kirushe dadu moja ya ludo, basi. Alipofika kwenye kanuni ya wapagazi, kalamu ikasimama. Kikosi kisicholisha wapagazi wake hakisogei: ndivyo ilivyoandikwa.

"Hii siifuti," alisema. "Babu yangu alichukuliwa kubeba masanduku ya jeshi, hakurudi."

"Iache, papa. Na wa kwetu walibeba."

Basi mchezo ukakimbia. Tharsisi, kwa pupa ya kushika kilima, aliwapa askari chakula chote. Wapagazi wakatoroka, mizinga ikakwama njiani, na saa nane na nusu Kalunga akaingia Tabora.

"Kanuni yako imekupiga, Mjerumani."

"Imenipiga kihalali," Tharsisi alisema, akitabasamu kuliko mshindi. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akachelewa kidogo kuuachia.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya misa, alinakili kanuni tisa zilizobaki kwenye karatasi moja, akaandika chini majina yao wawili, akaitia kwenye bahasha, akaenda stendi na kumkabidhi kondakta wa basi la Nyarugusu ampelekee Kalunga, akimsisitizia asiikunje.