Dirisha Lililoitika Abee

Najua utacheka. Cheka umalize, kisha unisikilize, kwa sababu haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalinipata mimi, mchana kweupe, ofisini Changamwe, miaka ya tisini.

Tulikuwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kompyuta ilifungiwa chumba cha nyuma, na sisi makarani kila mmoja alikuwa na skrini na kibodi mezani kwake. Meza ya pili alikaa Riziki, rafiki yangu, mwenyeji wa Bofu, ng'ambo ya feri. Nikisema rafiki, nasema mtu aliyekula wali wa mama yangu, aliyelala kwetu feri ikiharibika, aliyejua hata jina la utotoni ninaloitwa nyumbani tu.

Yeye ndiye aliyenionyesha programu ya madirisha. Skrini zile zilifanya kazi moja kwa wakati. Programu hii iliigawa skrini: dirisha la meli, la kontena, la barua. Unaruka kutoka hili hadi lile kwa kitufe, na ukienda nyumbani yanaendelea, kesho unayakuta ulipoyaacha. Niliipenda mno. Nikabadilisha vitufe vikakaa nitakavyo mimi, nikaweka mstari chini wenye majina ya madirisha, kisha nikaandika faili ya kuanzia, ili asubuhi nikishaingia tu yote yafunguke yenyewe, kila moja na kazi yake, huku mimi natia sukari kwenye chai. Wenzangu walisema nimeolewa na ile skrini.

Siku moja Riziki akaniambia, "Nimekuongezea dirisha kwenye faili yako, mwenzangu. Mtu wa bandarini akikuita kwenye skrini nawe umeenda msalani, litamwitikia abee. Bosi hatajua kama hukuwepo."

Niamini, nilimshukuru kwa moyo wote. Siku zile alikuwa amekonda, macho yamezama, nikadhani ni mtoto wake mchanga anayemkeshesha.

Sasa wewe uliyelelewa pwani, ulifunzwa nini? Ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nyamaza, toka, tazama ni nani. Mimi nilifunzwa hivyo tangu sijajua kusema sawasawa. Lakini nani angefikiri kuifunza kompyuta?

Ijumaa moja wanaume walikwenda msikitini, wengine wakatoka kula. Riziki alikuwa likizo. Nilibaki peke yangu. Umeme ukakatika, feni ikasimama. Skrini yangu ikabaki inawaka. Dirisha la Riziki likajitokeza mbele, na ndani yake likaandikwa jina langu la nyumbani. Chini yake: Abee. Jina likaandikwa tena. Abee. Nilibonyeza kila kitufe nilifunge, nikachomoa na waya ukutani. Mara ya tatu jina, mara ya tatu abee.

Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha Riziki. Buibui safi, hina mikononi, mtu wa heshima kabisa. Kiti kile kilikuwa hakikaliwi bila kulia. Hakikulia.

"Nimemwita mwenzio mwaka mzima," alisema taratibu. "Kanyamaza. Mwisho kaniomba nimwache, kanambia nikwite wewe, wewe utaniitika."

Nikamwuliza anataka nini.

"Sitaki kitu. Nishaitikiwa. Nitakuwa nikikwita."

Feni ikaanza kuzunguka, na kiti kilikuwa kitupu. Askari wa langoni aliapa hakuna aliyepita.

Kesho yake nilivuka hadi Bofu. Riziki alinifungulia mlango, mtoto kifuani, uso umeshaanza kunawiri. Sikumsalimu.

"Ulijua?"

Aliangalia chini. "Nilikuwa nimechoka, wallahi. Maziwa yalianza kukauka. Mimi nina mtoto, na wewe huna."

Hakulia wala hakuniomba radhi. Jini ni jini, sina kinyongo naye, kazi yake ni hiyo. Lakini Riziki! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nami nilidhani wanasema juu ya watu wengine. Hasira niliyoondoka nayo siku ile bado ninayo.

Niliacha kazi. Nimesomewa, nimefukizwa, na bado naitwa, tena kwa sauti za watu ninaowapenda, kutoka uani, kutoka nje ya mlango. Kwa hiyo siitiki. Wanaonijua huja wakanigusa bega.

Mama alipougua, yuko chumba cha ndani hawezi kuinuka, nilisikia ananiita kwa jina lile. Akaita tena. Akaita tena. Nilikaa jikoni nimeziba masikio, nikajiambia ndiye yule. Nilipoingia na uji, mama alikuwa ameshakwenda, uso ameuelekeza mlangoni.

Riziki alikuja matangani. Mtoto wake, sasa anakimbia, alimwita kutoka uani, naye akamwitika papo hapo bila kufikiri. Nilimtazama. Akavuta mtandio usoni.

Basi wewe unayefurahia mashine ikuitikie, ikujibie, ikusemee hali hupo, itikia mwenyewe, na kwanza umwone anayekuita. Na rafiki akikuletea kitu cha kukupunguzia kazi, nawe hukumwomba, mtazame usoni umuulize yeye mwenyewe analala vipi. Mimi sikumuuliza, na mama yangu alikufa akiniita.