Mzee Aliyeiba Ng'ombe Akamfungia Chumbani

Mzee mmoja aliingia kituo cha polisi asubuhi, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Afande, nimeiba ng'ombe. Nikamateni."

Akaulizwa ng'ombe yuko wapi.

"Nyumbani kwangu. Chumba cha nyuma. Kimefungwa kwa kufuli. Njooni mpekue."

Kituo kizima kiliangua kicheko. Mpaka mahabusu nao walicheka, na wale huwa hawana cha kuchekea.

Ngojeni kwanza, msicheke na nyie. Mimi nilicheka, kikanitokea puani.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Kazi yangu ni watu wazima wasiojiweza: wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, wale ambao mtu akiamua kuwaonea hawana pa kukimbilia. Wakati huo nilikuwa mgeni pale, nimehamishwa juzijuzi. Ofisi yetu na kituo cha polisi viko uwanja mmoja. Mtu akipiga chafya kwetu, polisi wanamwambia pole.

Lakini kuambiana habari za kazi? Thubutu!

Ukiwauliza wao kitu, "Upelelezi unaendelea." Wakituuliza sisi, "Siri ya mteja." Tulichoshirikiana ni choo peke yake, na ufunguo wake ulikaa kaunta ya polisi, unauomba kwa heshima zote.

Basi jamani, habari yote hii ilianzia foleni ya choo.

Nilikuwa nimesimama na Koplo, jamaa wa kitambi na maneno mengi. Anaongea huku anachezesha mguu, kabanwa.

"Ustawi, umekosa sinema! Yule mzee wa kujishtaki karudi tena. Alianza na televisheni, kasema kaiba. Akaja na pikipiki. Leo ng'ombe! Na vyote kavificha chumba kilekile cha nyuma. Hicho ni chumba au ghala la serikali?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Sasa huwa mnamfanyaje?"

"Tunamrudisha kwao. Ana kijana wake mstaarabu huyo, anatupokea getini, karibuni, karibuni, mtakunywa soda gani? Anasema akili za baba yake zimeruka. Ila leo Mkuu kachoka. Kasema mzee afunguliwe kesi ya kutoa taarifa za uongo. Kesho anapanda kizimbani."

Kicheko kikanikauka. Ile "karibuni, karibuni" nilikuwa nimeisikia mahali.

"Huyo kijana ana geti la bluu? Anaongea taratibu kama anambembeleza mtoto?"

Koplo akaacha kuchezesha mguu. "Unamjuaje?"

"Siri ya mteja." Mdomo ulishazoea, ukajibu wenyewe.

"Haya. Na mimi upelelezi unaendelea."

Tukakodoleana macho. Watu wazima wawili na mishahara yao, kila mmoja kabana mkojo na nusu ya habari.

Nikaona huu ni ujinga. Kesho mzee wa watu anakwenda jela kwa ajili ya ng'ombe asiyekuwepo, halafu mimi natunza siri? Namtunzia nani?

Nikamwaga yote. Wiki iliyopita jirani mmoja alininong'oneza kwamba mke wa yule mzee haonekani tena. Mama huyo alianza kusahau, akawa anapotea njia, mara anatoka barabarani bila nguo. Halafu ghafla, kimya. Nikaenda. Kijana akanikaribisha kiti kizuri, akanipa soda baridi, akasema mama kapelekwa kwa dada yake apumzike. Mzee alikuwa kakaa pembeni, hasemi kitu, anaangalia mlango wa korido tu. Nikauliza kule nyuma kuna nini.

"Ni stoo hiyo, dada. Panya watupu."

Nikaripoti kwa bosi wangu. Akasema tungoje kijana alete namba ya simu ya huyo dada wa mama. Tukawa tunangoja.

"Stoo?" Koplo akauliza. "Mbona mzee anasema kuna kufuli?"

"Kijana anasema panya."

"Mzee anasema ng'ombe."

Koplo akashusha sauti. "Ustawi, mle ndani hakuna ng'ombe."

"Najua."

Aliyekuwa chooni akatoka, akatupa ufunguo. Hakuna aliyeupokea.

Tukakimbilia kwa Mkuu wa kituo. Akatusikiliza, akakuna kidevu, akasema haya mambo ya wateja wa ustawi yanataka kibali cha bosi wangu kwanza. Nikampigia bosi. Simu imezimwa. Yuko semina.

Semina ya nini? Ya ushirikiano kati ya polisi na ustawi wa jamii. Haki ya nani, sitanii.

Nikataka kulia. Koplo akanikanyaga mguu ninyamaze, akapiga saluti.

"Mkuu, mtuhumiwa amekiri wizi wa ng'ombe, na ametaja alikomficha. Nisipokwenda kupekua, si nitakuwa nimezembea kazi?"

Mkuu akamtazama weee. Kisha akasema, "Nenda kamtafute huyo ng'ombe wako. Na huyo Ustawi mchukue, akakusaidie kumswaga."

Tukampakia mzee kwenye gari. Aliposikia tunakwenda kupekua, akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri.

Kijana akafungua geti na tabasamu lake. "Karibuni, karibuni! Soda gani leo?"

"Leo hatunywi," Koplo akasema. "Tunatafuta ng'ombe."

Akacheka. "Ng'ombe? Ndani ya nyumba? Afande, nanyi mmeanza kuumwa ugonjwa wa mzee?"

"Fungua chumba cha nyuma."

Loo! Tabasamu lilivyoondoka usoni pale, sijui lilipita mlango gani. Mara ufunguo umepotea, mara mafundi wameondoka nao. Koplo akaanza kuipima kufuli kwa buti. Ufunguo ukapatikana mfukoni mwa kijana.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza.

Halafu tukamwona. Mama wa watu kakaa kwenye godoro sakafuni, kakonda, dirisha limepigwa mbao. Mwanga ulimuumiza, akajikinga macho kwa kiganja. Kisha akatuona sisi ni wageni, akajivuta, akajifunika vizuri khanga yake.

"Karibuni," akasema. "Mnisamehe, wanangu, nyumba haijafagiliwa."

Nililia. Koplo naye alilia, kitambi kikitikisika, wala hakuona haya.

Mzee alimpita kila mtu, akapiga magoti, akamshika mkewe miguu.

Kijana kule koridoni akaanza kupaza sauti. "Mlitaka nifanyeje? Anatoka uchi, watu wanampiga picha, kazini wananicheka! Ningemfanyaje?" Nilimwonea huruma kidogo. Halafu nikaona sahani aliyokuwa anamsukumia chini ya mlango kama mnyama, huruma ikaisha. Koplo akamtia pingu.

Mama alilazwa hospitali, leo anaishi kwa binti yake na mzee yuko naye. Majina ya wajukuu yanampotea, ila anakula na anaota jua.

Lakini kuna jambo lilinitatiza. Jioni ile pale hospitali nikamuuliza mzee, "Baba, kwa nini usiseme ukweli tu? Kwa nini uanze habari za pikipiki na ng'ombe?"

Akanitazama kwa upole, yaani upole wa kukuchoma moyo.

"Nilisema, mwanangu, kabla wewe hujahamia. Nilikwenda polisi nikasema mke wangu kafungiwa ndani. Wakaniambia hilo ni la kifamilia, vuka uwanja, nenda Ustawi. Nikavuka. Ustawi wakaniambia kumfungia mtu ni jinai, rudi polisi. Nikarudi. Wakanirudisha kwenu tena. Na kijana wangu akaniambia nikithubutu kusema mbele ya mgeni, na mimi naingia mle."

Akamtazama mkewe kitandani.

"Nikafikiri sana. Nikaona mtu akifungiwa, hamji. Labda mali mtaifuata."

Koplo alikuwa amesimama nyuma yangu, akageukia ukutani.

Ndugu msomaji, uwe polisi, nesi, mwalimu, mjumbe wa mtaa, au umekaa tu nyuma ya meza yoyote ile: mtu akikuletea shida isiyo ya ofisi yako, usimwonyeshe njia kwa kidole. Inuka kwenye kiti, mshike mkono, uende naye.