Damu ya Pande Zote Mbili

Wazazi wenzangu mliokuja kliniki leo, mimi mnayeniona nimejaza kiti hiki, watu walishanililia nikiwa hai.

Miaka ya ujamaa tulihamia kijiji kipya kando ya ziwa, huko Ilemela. Nilipenda kuoga ziwani kuliko kula. Lakini nikitoka kwenye maji baridi mifupa inauma, vidole vinavimba, macho yanakuwa ya njano. Nililia mpaka sauti ikakauka. Wadogo zangu wawili walikuwa wamekufa kwa maumivu hayo hayo.

Bibi mzaa baba akakata shauri: "Huyu mwanamke katuletea damu mbaya. Arudi kwao, na ng'ombe wetu wa mahari warudi." Kikao cha ukoo kikapangwa. Mama alinikanda miguu huku akifungasha nguo zake. Niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa kufa.

Kabla ya kikao nikazidiwa. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Baba akanipeleka hospitali mjini, mama na bibi nao wakaja. Nikaongezwa damu. Daktari akamtoboa mama kidole, kisha akamgeukia baba.

"Huyo wa nini?" bibi akang'aka. "Mwanangu haumwi."

"Shikamoo mama," daktari akasema. "Haumwi, ila anaweza kuwa amebeba kasoro kwenye damu. Mtoto haugui hivi mpaka airithi kwa baba na kwa mama."

Baba akatoa kidole. Majibu yakaja: wamebeba wote wawili. Chembe zangu za damu zinajikunja kama mundu na kuziba njia, ndiyo maana naumwa.

Baba akacheka kwa uchungu. "Sasa mama, ng'ombe wakirudi, mimi nirudishwe kwa nani?"

Bibi alikuwa ameshika vidole vyangu. "Hata Kabula wangu alivimba hivi hivi," akasema. Kabula ni dada yake baba, aliyekufa mdogo. Jina lake ndilo langu. "Nikasema jirani kamroga." Akalia, na mama ndiye aliyemfuta machozi.

Kikao hakikufanyika. Tangu hapo bibi alinichemshia maji ya kuoga mpaka alipofariki. Nakunywa maji mengi, nakwepa baridi, homa ikija nawahi hospitali. Mungu amenifikisha uzeeni, nashukuru sana.

Wachumba, pimeni damu kabla ya mahari. Na nyie akina baba mliosimama nje pale mkiwasubiri wake zenu, ingieni mpimwe. Sindano yenyewe ndogo.