Gorfa Niliyoifungua

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, nami nakusimulia wewe unayerudi nyumbani likizo na vitabu. Ni siku niliyofika kwetu Kinna kutoka shule ya bweni mjini Isiolo, nina kitabu cha bayolojia kwenye sanduku la bati, na kichwa kimejaa kuliko sanduku.

Nilikuwa kidato cha pili, katikati ya miaka ya sabini. Mvua ilikuwa imetukimbia, ng'ombe wa kukamua wamebaki watatu, na dada yangu Kaltuma alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Nyanya yetu, tuliyemwita Akko kama Waborana wote wanavyowaita nyanya zao, alikuwa amemwekea ititu, yale maziwa mazito ya kugandishwa ambayo humrudishia mzazi nguvu. Kikombe kwa kikombe alikuwa ameijaza gorfa yake, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi, kisha akakaza kifuniko kwa ukanda wa ngozi. Hakuna kuigusa mpaka mtoto azaliwe. Kwa kazi hiyo Akko alijulikana hadi Rapsu, na maharusi waliletwa kwake wafundishwe. Mpaka leo nikisikia moshi wa mgunga namwona ameinama juu ya vyombo vyake, na moyo unanirudi utotoni.

Sasa sikiliza ujinga wa msomi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba maziwa hugandishwa na seli ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na kwamba ni viumbe hai. Nilikuwa pia nimeandika daftarini kuwa viumbe hai huhitaji oksijeni. Nikajumlisha: basi seli za Akko zinakosa pumzi mle ndani. Nikazihurumia, wallahi. Wiki nzima, kila Akko alipokwenda kisimani, niliifungua gorfa zipate hewa, kisha nikaifunga nilivyoikuta. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma peke yangu, nikingoja kusifiwa.

Kaltuma akajifungua salama, mtoto wa kiume. Wanawake wakajaa nyumbani, nami nikashikishwa bakuli. Akko akalegeza ukanda mbele yao wote. Juu ya maziwa palikuwa na ukungu wa kijani, na harufu iliyotoka iliwafanya wengine wageuze nyuso.

Akko hakumtazama mtu. Alifunga tena, akasema taratibu, "Mkono wangu umezeeka. Mtafutieni Kaltuma maziwa kwingine."

Nilikuwa na neno la kusema, mwanangu. Badala ya kulisema, nikaendelea kushika bakuli. Jirani alileta maziwa ya mbuzi, na dada akapata nguvu polepole mno. Mimi nikarudi shule na sanduku langu.

Shuleni sikulala vizuri. Mwishowe nikamwendea mwalimu wa bayolojia, Mmeru mmoja mpole, nikamwuliza kwa nini maziwa ya nyanya yangu yaliyopewa hewa yameoza, ilhali viumbe hai vyote huhitaji oksijeni.

"Nani alikuambia ni viumbe vyote?" akasema. "Mimi nilisema vingi. Wewe na ng'ombe wenu, seli zenu ni changamano, mkikosa oksijeni dakika chache mmeisha. Hata ukungu unataka hewa. Lakini ile bakteria ya maziwa ni seli sahili, inafanya kazi yake bila hewa kabisa. Ziko zingine hewa yenyewe ndiyo inaziua. Na usiende kuandika tena kwamba changamano zote ni kama wewe, maana hamira inavumilia bila hewa siku kadhaa." Akanitazama. "Nyanya yako alikuwa amefungia ukungu nje. Si ungemwuliza kwanza?"

Kuuliza si ujinga, husema wahenga. Mimi niliona ni aibu kumwuliza mtu asiyejua kusoma.

Likizo iliyofuata nilipoingia nyumbani, mahali pa gorfa palikuwa patupu. Akko alikuwa amempa shangazi yangu vyombo vyake vyote. Hakuwa akigandisha tena, wala hakuna bi harusi aliyeletwa. Nilimkuta ameketi nje, mikono imelala mapajani, mikono ambayo sikuwahi kuiona bila kazi. Nikapiga magoti nikamweleza yote, hewa, seli, na lile bakuli nililoshika nikinyamaza.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Maziwa nimekusamehe. Mtoto anamwaga, mtu mzima anapangusa. Lakini miezi hii yote, Habiba, uliniacha nikiamini mikono yangu imekufa."

Nililia. Hakunibembeleza. Alisimama, akakung'uta nguo yake, akaniambia, "Nenda kwa shangazi yako. Mwambie nataka gorfa yangu. Ukirudi upitie kuni za kufukiza."

Nilikimbia, mwanangu. Sijakimbia hivyo tena maishani. Akko aligandisha maziwa miaka mingine tisa, na mimi ndiye niliyekaza ukanda siku alipokuwa hawezi tena. Gorfa hiyo ninayo hadi leo.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukijifunza jambo, lishike, lakini usidhani ukurasa mmoja ni kitabu kizima. Mwulize aliyefanya kazi ile kabla hujazaliwa, hata kama hajui kuandika jina lake. Na ukikosea, sema siku ile ile. Mficha uchi hazai. Mimi nilifungua kilichotaka kufungwa, nikafunga kilichotaka kufunguliwa, na aliyeumia ni aliyenipenda.

Nenda salama na vitabu vyako. Mungu akupe elimu yenye masikio, nyumba yako isikose maziwa, na atakayekufundisha kazi ya mikono asife akiidhani mikono yake imemsaliti.